Hata Sokwe Ana Tawi

Nyumbani kwenu,
Nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu zetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba macho yako hayajaharibika kwa kuikodolea kompyuta. Sisi tu wazima. Goti langu huuma likitaka, na shangazi yako anakohoa kidogo. Hayo ni ya uzee, hatuyanung'unikii.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu katika simu ulinikatiza, na barua haikatizwi.

Ule mti wa nasaba uliotutumia ulifika salama. Tuliyaelewa maelezo yako: kwamba vinasaba ni kama maandishi, kwamba kompyuta huyalinganisha ya huyu na ya yule, na wanaofanana zaidi huwekwa kwenye matawi ya karibu. Tulielewa pia kwa nini ulimweka sokwe pembeni, ili ukoo upate wa kupimwa naye. Nimefundisha shule maisha yangu yote. Sikuona haya kufundishwa na wewe.

Shangazi yako, kwa furaha, akaipeleka picha karakanani kwa baba yako mdogo, Kitinda wetu, aitengenezee fremu ya chuma. Unamjua: akipata kazi ya nyumbani, wateja husubiri. Alikata vyuma, akavichomelea, akapiga msasa, akakata kioo. Kabla ya kukifunga kioo, akaanza kututafuta mmoja mmoja. Alikuona wewe. Alituona mimi na shangazi yako, akawaona na binamu zako. Hakujiona.

Kazi aliimaliza. Jioni akaileta picha, akapiga misumari mwenyewe, akarudi nyuma kutazama kama imenyooka. Shangazi yako akamtania, "Leo umekuwa bubu, au moto umekuunguza ulimi?"

"Hata sokwe amepata tawi, dada," akajibu. Akachukua nyundo yake, akaenda. Tangu siku hiyo hajakanyaga humu ndani.

Nilipokupigia simu ulisema, "Baba Mkubwa, vinasaba vyake viko mbali sana na vyenu. Nikaona nimtoe tu, nisilete maneno." Basi maneno umeyaleta. Binamu zako sasa wananong'ona juu ya mama yangu, aliye kaburini na hawezi kujitetea. Ulifunika kombe, mwanangu, na mwanaharamu ukamfanya Kitinda.

Sasa soma jambo ambalo ungelijua kwa swali moja. Shangazi yako amelisema juzi, kwa machozi, baada ya kuusikia mnong'ono huo. Siku ile ya kukusanya mate kwenye vichupa ulivyotutumia ili upime vinasaba, Kitinda alikuwa juu ya paa la watu akichomelea, na mtu wa vifurushi alikuwa mlangoni akiharakisha. Kichupa chake kilikuwa kitupu. Shangazi yako akamwita mpangaji wetu, yule kinyozi.

"Hebu tema humu, baba."

"Ya nini tena?"

"Ya mtoto wetu, anasoma. Wewe tema, mate ni mate."

Akatema. Kompyuta yako haikukosea: kinyozi si ndugu yetu.

Shangazi yako simlaumu sana. Alidhani kinachotakiwa ni vichupa vijae. Lakini wewe umesomea kazi hii. Jibu likikushangaza, unarudi kwenye swali. Ndivyo nilivyokufundisha hesabu kwenye meza hii ninayoandikia. Wewe ulishangaa, ukachukua kifutio. Na uliyemfuta ni nani? Ni yule aliyekupakia mbele ya baiskeli yake kila asubuhi kukupeleka shule, baba yako alipofariki, mpaka watu wakadhani yeye ndiye aliyekuzaa. Wala hakuwa akiwasahihisha.

Nilimfuata karakanani, nikamweleza habari ya kinyozi. Nilitarajia atacheka. Alivua miwani yake ya kazi, akayafuta macho kwa kiganja.

"Kaka, la mate ni la dada, nimeshamsamehe. Lakini mtoto aliamini. Aliamini mimi si damu yake. Na alipoamini, alinifanyaje?"

Swali hilo nakupa wewe ulijibu. Nami ni mwalimu.

Kichupa kipya ulichotuma baada ya simu ile ili urudie kupima kimefika. Nakirudisha pamoja na barua hii, kikiwa kitupu. Kitinda hatatema mate, wala sitamwomba. Kama wamhitaji tawini kwa sababu ya mate, mwache alipo. Kama unamhitaji kwa sababu nyingine, mwandikie wewe mwenyewe, na vinasaba usivitaje.

Picha bado iko ukutani. Aliitundika kwa mkono wake. Sitaishusha kwa wangu.

Shangazi yako anakusalimu na kukuomba radhi. Binamu zako wanakusalimu. Kinyozi naye anakusalimu, anauliza kama sasa atuite ndugu.

Mungu akulinde ugenini, akupe elimu isiyokutenga na watu wako.

Kitinda nilimwuliza kama ana salamu zozote. Aliwasha moto, akaendelea na kazi.

Wako akupendaye hata katika hasira,
Baba Mkubwa