Ukuta wa Vioo kwenye Ghala la Pamba

Jumatatu, 2 Juni
Saiti asubuhi, kama kawaida. Mafundi wamemaliza vioo vya upande wa ziwa. Hili lilikuwa ghala la pamba, giza tupu. Sasa ukiingia tu unaona maji. Nimepiga picha nyingi. Hii ndiyo kazi nitakayojivunia maisha yangu yote.

Kabula alileta projekta zake. Ndiye msanii wa kwanza humu. Kazi yake ni picha za kompyuta zinazotembea ukutani, na ni kwa ajili ya sanaa ya namna hiyo Mzee Faustine, mwenye jengo, alinipa nisanifu ukumbi.

Kabula akavitazama vioo. "Kaka Deus, mimi niliomba chumba cha giza."

Nikamwambia ajaribu kwanza. Asubuhi ile picha zilionekana vizuri tu. Akanyamaza. Nikafurahi amenyamaza.

Alhamisi, 5 Juni
Leo nimeiona kazi yenyewe. Ukutani, wanawake wa Igombe wanaanika dagaa ufukweni kwao. Ukisogea karibu, mmoja anainua uso na kukusalimia kwa Kisukuma. Huyo ni shangazi yake Kabula, Mama Mbuke. Wote wamealikwa kwenye ufunguzi Jumamosi, wakajione.

Kabula kaniuliza jua la jioni linaingilia wapi. Nikasema nitaweka mapazia. Sijaagiza. Mapazia yangeharibu sura ya jengo siku ya kupigwa picha.

Jumamosi, 7 Juni
Aibu. Sijui nianzie wapi.

Ufunguzi ulikuwa saa kumi. Jua lilikuwa limeshageukia ziwani, likaingia lote. Ukuta ukawa mweupe. Hakuna picha hata moja. Sauti tu.

Wanawake wa Igombe walikuja na vitenge vya sare. Mama Mbuke akasogea, sauti yake mwenyewe ikamsalimia, "Mwangaluka." Akaitikia, kwa heshima zote, akiutazama ukuta mtupu. Mgeni mmoja akacheka.

Mzee Faustine akaniuliza kuna nini. Alikuwa na mama mmoja kutoka Dar es Salaam, aliyekuja kuchagua kazi za kupeleka maonyesho ya nje ya nchi. Nikasema projekta za Kabula ni dhaifu.

Kabula alikuwa nyuma yangu. Alisikia.

Wanawake walipiga makofi, wakanipa mkono mmoja mmoja, wakaondoka.

Jumapili, 8 Juni
Sikwenda kanisani. Mzee Faustine kapiga simu kulisifu jengo. Akasema yule mama wa Dar ameona kazi ya Kabula bado haijaiva. Nikajibu, "Sawa, mzee." Hivyo tu. Najichukia.

Jumanne, 10 Juni
Nimekwenda dukani kwa Mzee Faustine, Nyamagana. Nikamweleza: projekta hazina kasoro, kosa ni vioo vyangu, na Kabula alinionya.

"Kwa nini hukusema palepale?"

Akampigia yule mama nami nikiwa nimekaa pale, akanipa simu nirudie. Nikarudia. Yule mama alinishukuru. Nafasi ameshampa msanii mwingine. Mzee akaniambia kazi ya kusanifu ghorofa ya juu, aliyokuwa ameniahidi, atampa mtu mwingine. Haki yake.

Kutoka hapo mpaka kwa Kabula, Mirongo. Alikuwa anakunja nyaya zake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, mimi umeniambia. Na shangazi?"

Jumatano, 11 Juni
Igombe. Nimemkuta Mama Mbuke mchangani, anageuza dagaa. Nikaamkia, akaitikia, akanipa ndoo nikalie. Nikamweleza habari ya jua na vioo.

Akaacha kugeuza. "Kumbe ni jua? Sisi tulijua mmetutoa kwenye picha. Tukasema labda wale wageni hawakutaka kutuona."

Wamekaa na hilo siku zote hizi. Na bado walinipa mkono. Nilishindwa kumtazama.

Jumanne, 17 Juni
Tunajenga ukuta wa mbao kwa ndani, mbele ya vioo, na kitambaa cheusi kutoka juu mpaka chini. Ziwa halionekani tena. Fundi kaniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Ijumaa, 20 Juni
Wanawake wa Igombe wamekuja jioni, bila wageni wengine. Nje jua kali, ndani giza zuri. Walipoingia wakajipanga mbele ya ukuta. Kisha mmoja akaanza kuwataja wenzake kwa majina, kila sura ilivyotokea.

Mama Mbuke alisogea, akajiona akiinua kichwa. Akajitazama sana. Akasema mikono yake imekuwa ya marehemu mama yake. Akarudi nyuma, akasogea tena ili asalimiwe mara ya pili.

Kabula hanichangamkii kama zamani. Sitegemei. Aliniomba tu nilete benchi, shangazi amechoka kusimama. Nikaleta, nikabaki nimesimama ukutani. Mama Mbuke akasogea kidogo, nikapata pa kukaa.