Uboho wa Veronika

Jumatatu, 4 Machi 1996

Slaidi arobaini na moja chini ya hadubini. Malaria, malaria, minyoo, malaria. Halafu damu ya Veronika, mdogo wangu. Eosinofili kila nilipotazama, chembe nyeupe za damu ambazo rangi ya maabara huzigeuza. Nyekundu kama joho la padri siku ya Pentekoste.

Bonde hili, ukiona eosinofili nyingi unaandika minyoo. Kwake nimeandika hivyo mara tatu, na dawa kanywa mara tatu.

"Kaka, hao minyoo wako walishahamia Malinyi."

Akacheka. Akakosa pumzi.

Alhamisi, 14 Machi

Daktari kamchoma Veronika sindano kwenye mfupa wa nyonga, kavuta uboho wa ndani yake. Unapitia Dar, kisha ng'ambo, wakatazame kromosomu. Zikiwa zimevunjika, si minyoo wala mzio. Ni saratani ya damu, na dawa yake ipo ila ni kali. Bila uhakika hampi.

"Itunze sampuli vizuri," akaniambia.

Nimetunza. Kipande chochote cha mwili wa mgonjwa kinachopanda basi kutoka hapa nakitia fomalini. Hakijaoza hata kimoja. Hakuna shule iliyonifundisha, nilianza kwa kuosha slaidi. Najisifu kidogo.

Ijumaa, 12 Aprili

Jibu. Mstari mmoja. Seli zilifika zimekufa, leteni nyingine.

Nimefungua kile kitabu changu kisicho na jalada. Kromosomu huonekana seli inapogawanyika. Maiti haigawanyiki. Fomalini huua.

Niliua mimi. Kwa usafi wangu.

Daktari analaumu joto la basi. Nimemwacha alaumu. Mwezi mzima umepotea. Miguu ya Veronika imevimba hadi magotini. Moyo, anasema daktari. Zile chembe zimeingia moyoni.

Jumatatu, 15 Aprili

Kachomwa tena. Hakulia.

"Safari hii usiipoteze, Kaka. Mfupa mwingine sina."

Nilitaka kumwambia. Nikamnyooshea shuka.

Kichupa kiko ndani ya shati langu, kwenye kitambaa, nimekishikilia kifuani. Hakuna barafu, hakuna fomalini. Nakipeleka Dar mwenyewe kwa treni. Mtu wa mbele yangu anakula samaki, ananiuliza kama kifua kinaniuma. Nimesema ndiyo.

Alhamisi, 18 Aprili

Kichupa nilikikabidhi juzi. Leo nimeshuka Ifakara, shemeji kasimama stesheni. Miaka tisa kamwoa Veronika, hajawahi kunipokea stesheni.

Alikata roho jana asubuhi. Walikuwa wananingoja mimi tu. Tumezika saa kumi, matope.

Fomalini sijamwambia mtu. Nimeandika hapa.

Ijumaa, 31 Mei

Slaidi thelathini na tatu. Moja ya mama mmoja wa kijiji cha Mbingu, eosinofili nyingi. Kalamu ilishaanza kuandika minyoo. Nimelikata neno, nikaenda kumwita daktari.

Bahasha ya ng'ambo imefika mchana. Kromosomu mbili zimekatika, zimebadilishana vipande. Saratani. Daktari kasoma, kanirudishia, katoka nje.

Nimebaki nayo. Wameandika kila kitu, wale watu. Sampuli ilifika katika hali nzuri. Tarehe 22 Aprili seli zilikuwa hai, zinagawanyika.

Siku ya nne ya Veronika kaburini.