Siku Niliyorudisha Blanketi la Memsahibu

Wambui, mjukuu wangu,

Miaka sita. Mimi sikusoma, lakini kuhesabu misimu ya mvua nilifundishwa na njaa, kwa hiyo usifikiri utanidanganya kwamba ni juzi. Gari la moshi linatoka Nakuru asubuhi na kufika Molo kabla jua halijakaa utosini, na kutoka steshoni mpaka hapa kwetu ni mwendo uliokuwa ukiukimbia ukiwa na miaka kumi na mzigo wa kuni mgongoni. Hata ng'ombe aliyepotea msituni iko siku hukumbuka mahali alipokuwa akilambishwa chumvi. Wewe umekaa huko Bondeni, mjini Nakuru, kama mtu asiye na watu. Na kwamba una mtoto nimeambiwa na dereva wa lori linalopeleka pareto mjini. Dereva, Wambui. Mtu ambaye hajui hata mlango wangu unaelekea wapi. Alikuona sokoni na mtoto mgongoni, mtoto mwenye paji la uso kama la kwetu. Nikamuuliza ni wa kike au wa kiume, akasema hakuangalia. Wanaume ni hivyo, wataona paji la uso na wasione mtu.

Basi, nimekugombeza, nimemaliza. Sasa niseme kilichoniketisha.

Anayeniandikia ni mwalimu wa shule ya Jumapili, Mluhya mmoja mrefu aliyekuja baada ya wewe kuondoka. Kikwetu hakijui, ndiyo maana unasoma maneno ya nyanya yako, Cucu wako, kwa Kiswahili kama barua ya serikali. Nimemwambia aandike kila neno kama ninavyolitoa, asinioshee. Amekubali, lakini naona ameshika kalamu kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Unakumbuka baridi ya mwaka ule? Ule mwaka barafu ilipounguza pareto, maua yakawa meusi kama yamepitishwa jikoni. Mimi nilishikwa na mapafu. Wewe ulikuwa yaya katika nyumba kubwa, na kila siku saa kumi, watoto wa memsahibu wakinywa chai yao, ulikuwa ukiteremka mbio mpaka kwenye vibanda vyetu, unanitia uji mdomoni, unapanda tena mbio kabla hujaitwa. Siku moja ulikuja umevimba tumbo kama mjamzito. Ukafungua aproni, likatoka blanketi. La buluu, zito, lina ukingo unaoteleza kama tumbo la samaki. Ukanifunika mpaka shingoni.

"Umepewa?" nikakuuliza.

"Nimepewa, Cucu."

"Na nani?"

"Lala, Cucu. Ukiuliza sana baridi inaingia mdomoni."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Ukakaa unanitazama. Nikakuuliza unatazama nini, ukasema, "Naangalia kama umekufa." Nikakwambia nikifa utajua, maana nitaacha kukutuma. Ukachimba kiazi kwenye majivu, ukakivunja, ukanipa upande mkubwa. Nimekula karamu za watu wengi tangu nizaliwe, sikumbuki nyingine yenye ladha kama hiyo.

Nikapona. Na mwaka uliofuata nikaokoka, kwenye ule mkutano uliofanyika karibu na kiwanda cha mbao. Hilo hukulipenda, lakini hata wewe uliona nilivyogeuka. Unanijua nilivyokuwa. Nilikuwa mpika pombe na bingwa wa laana, mwanamke aliyekaa miaka kumi na minne bila kumwamkia mke mwenzake, nao wanalala umbali wa hatua ishirini. Jumatatu yake nilimwaga pombe, Jumanne nikamwamkia yule mama, akadhani nimemroga. Sikujitakia. Kitu kiliingia ndani kikahamisha vyombo vyote. Bado kimo. Hilo sitalikana hata ukasirike vipi.

Sasa, unajua desturi ya ndugu zetu waliookoka. Ukishatubu, unarudisha. Haitoshi kumwambia Bwana samahani na jembe la mtu liko kwako uvunguni. Watu walirudisha majembe, vijiko, kengele za ng'ombe. Mzee Stefano, huyu anayetuongoza ushirika, alirudisha mlango. Aliubeba mlango mzima kichwani, aliokuwa ameuchomoa kwenye banda la ndama miaka mingi nyuma, na mzungu mwenye banda akawa hakumbuki kama banda hilo liliwahi kuwa na mlango. Ndivyo tulivyo. Na mimi nikafua blanketi, nikalikausha siku mbili, nikalikunja, nikapanda nalo mpaka kwenye varanda.

Habari hii nimeisimulia katika ushirika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimeisimulia mpaka Elburgon. Na kila mara watu walisimama wakaimba. Hebu sasa nikusimulie wewe, kwa mara ya kwanza, kama ilivyokuwa.

Memsahibu alilitazama blanketi, akasema kwa kile Kiswahili chake cha jikoni, "Wewe napata wapi hii?" Nikasema, "Mjukuu wangu aliniletea, nami sikujua kuwa ni la wizi. Sasa nimeokoka, nalirudisha."

Mwalimu ameacha kuandika. Anauliza, "Mama, hilo la 'sikujua' niandike?" Nimemwambia aandike kwa herufi nene.

Kwa sababu nilijua, Wambui. Nilijua siku ile ile ulipolitoa ndani ya aproni. Mwanamke anayefungia sukari kwa ufunguo hagawi blanketi la namna ile. Lilikuwa bado linanukia sabuni yake. Nilikuuliza mara mbili kwa mdomo tu, ukaniambia nilale, nami nikalala, maana lilikuwa na joto. Miezi mingapi nililala ndani yake nikijua. Halafu nilipotaka kuwa safi, nikajisafisha kwa kukupaka wewe.

Akauliza ni mjukuu yupi. Nikasema, "Wambui." Wewe ni wa kwanza kwa mwanangu, ukapewa jina langu kama ilivyo desturi yetu. Nikasimama pale mchana nikamtaja wajina wangu, na masikio yangu hayakushtuka.

Ukaitwa. Ukatoka na chanuo mkononi, ulikuwa ukimchana yule msichana wao mdogo. Hukumwangalia memsahibu, uliniangalia mimi. Nimekaa na macho yale miaka sita, nikayaita macho ya uasi. Hayakuwa ya uasi. Ulikuwa ukingoja niseme neno moja tu, "Nilijua." Tungefukuzwa wawili, au tungesamehewa wawili, lakini tungekuwa wawili. Nikatazama sakafu.

Uliondoka jua halijatua. Baba yako hakufungua mdomo, kwa sababu kibanda chetu, shamba letu dogo na mbuzi wake vyote vilikaa juu ya neno la bwana mkubwa. Usimhukumu sana, alilia zizini, nilimsikia. Wewe ulinipita na furushi lako, ukasimama kidogo, ukasema, "Cucu, huko mbinguni kwenu kuna nafasi ya watu wangapi?"

Nami nikakujibu, "Kuna nafasi ya wanaotubu."

Jibu lile nililiona tamu. Nililisimulia pia katika ushirika.

Wambui, mimi nilikuwa nikidhani mbinguni ni kama steshoni. Kila mtu na furushi lake, gari likifika anapanda anayepanda, anayebaki shauri yake. Nilikaza macho juu, nikaona nimebadilika kweli, huku chini mguu umekukanyaga wewe. Kisha mwezi uliopita dereva akaniletea habari ya mtoto, na Jumapili ile ile Mzee Stefano akahubiri. Akasema kule hakuna usiku wala pazia, tutaonana uso kwa uso. Watu wakafurahi, wanawake wakapiga makofi. Mimi nikaingiwa na hofu, tangu niokoke ndiyo mara ya kwanza. Mungu sikumwogopa, yeye anayajua yote na bado ananiamsha kila asubuhi. Nilikuogopa wewe. Nilikuona umesimama kule, unaniangalia, unangoja nimalize sentensi.

Jumapili iliyofuata nikasimama. Nikasema, "Ule ushuhuda wa blanketi una uongo ndani. Nilijua." Hakuna aliyeimba. Mzee Stefano akakohoa. Dada mmoja, moyo wake mzuri, akasema, "Lakini mama, hayo si yalishaoshwa?" Nikamwambia, "Lililooshwa ni blanketi."

Kesho yake nikajikokota mpaka nyumba kubwa. Memsahibu amezeeka, nywele zimekuwa kama pamba. Nikamwambia nimekuja juu ya lile blanketi. Akasema, "Blanketi gani?" Nikamwonyesha, maana lilikuwa hapo hapo varandani, mbwa amelilalia, ule ukingo wa kuteleza ameutafuna wote. Nikasema siku ile nilidanganya, nilijua limeibwa, kosa halikuwa la Wambui peke yake. Akakunja uso akitafuta kichwani. Yaya wamepita wengi pale. Akasema, "Wambui gani?"

Nikamwambia, "Sisi wawili."

Akasema haya, haya, akaingia ndani. Nikabaki na mbwa. Sikuona ajabu, na sikusema moyoni kwamba basi ilikuwa kazi bure kulirudisha. Cha mtu ni cha mtu hata akikitandikia mbwa. Ningelirudisha tena leo. Ila ningekuja kwako kwanza. Ningekuketisha, nikakwambia, "Mimi na wewe tuna kitu cha watu, na mwenye kukilalia ni mimi. Tufanyeje?" Ungekataa, najua, una kichwa kigumu, na unajua umekitoa wapi. Ningengoja. Bwana aliningoja mimi miaka hamsini na pombe yangu, ningeshindwaje kukungoja wewe mwezi mmoja?

Na usidhani kwa kuwa nakupenda nitasema hukuiba. Uliiba. Lakini la kwako lilikuwa la kwako kulisema, kwa mdomo wako, siku yako ikifika. Mimi nilikunyang'anya toba yako nikaifanya ushuhuda wangu. Huo nao ni wizi, na kitu hicho sijui nitakirudishaje, kwa hiyo nakwambia tu kwamba ninacho.

Sikuombi unisamehe ili niingie mbinguni. Hukuwekwa kulinda lango, na lile shauri mimi na Bwana tumelimaliza kwa magoti. Nakuomba kwa sababu nilikukosea. Basi. Tena nakuomba nikiwa hai, maana naona watu wengi huku wanaahirisha maneno mpaka kaburini, ati tutaelewana huko juu. Kama tutakaa pamoja siku zisizo na mwisho, bila hata Nakuru ya kukimbilia, si afadhali tuanze kuzoeana sasa, ningali na meno matatu ya kuchekea?

Sijambo kwa mwili. Magoti yamegoma kuchuma pareto, nakaa nyumbani kuchambua mbegu za viazi. Wakati mwingine natazama njia ya steshoni, na mwalimu hapa anasema nimeitazama mpaka imechakaa. Nimemwambia aandike hilo pia, ajue amesikika.

Ukija, usije Jumapili. Jumapili watu watataka kutuimbia, nami sitaki kuimbiwa kabla hatujazungumza. Usilete sukari. Usipitie kwa shangazi yako kuuliza niko katika hali gani, hali yangu utaiona mwenyewe. Mtoto mtue mapajani pangu kwanza, kabla hata ya salamu, nione ni wa nani. Kisha vuta kigoda, ukae mbele yangu, useme yote kuanzia pale varandani, kwa sauti, pamoja na matusi. Sitakukatiza. Kama umekuja na hasira usiiache nje kama viatu vya matope, ingia nayo. Na jua likituchwea hujamaliza, usiharakishe ili kunifurahisha. Lala, uendelee asubuhi.

Mimi nyanya yako na wajina wako,
Wambui mkubwa.
Nimetia kidole gumba hapa chini, mwalimu ni shahidi.