Inagonga Ikipata Moto

17 Desemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na wewe na mwalimu jirani hamjashikana mashati kwa sababu ya kuku wake. Mimi sijambo. Asiyekuwa mzima ni gari.

Najua simu umeitia kwenye kopo la misumari, na hata ungeitoa usingenisikia. Kwa hiyo leo itabidi nikuandikie mlio wa injini. Usicheke.

Ikiwa baridi haina neno. Ikishapata moto, baada ya kama robo saa hivi, inaanza: ko, ko, ko. Ni chini kabisa, si juu. Nikikanyaga mafuta inaharakisha, nikiachia inalegea lakini haiishi. Fundi Miwani, yule wa gereji ya nyuma ya kituo cha mafuta, anasema imenoki, imelika ndani, ifunguliwe yote au ibadilishwe. Nilimwuliza bei, kisha nikajifanya napigiwa simu nikaondoka.

Wewe ulikuwa unajua gari linaumwa nini kabla halijafika getini. Nisaidie, Baba. Shule inafunguliwa Jumatatu tarehe 8 Januari. Mwalimu mkuu amesema gari atakalolikuta getini asubuhi hiyo ndilo litakalobeba wale watoto wanane mwaka mzima. Nikiikosa kazi hii sijui nitashika wapi.

Mwanao,
Kitindamimba

20 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo linanisindikiza kila niendako. Kuku wa mwalimu wamemaliza mbegu zangu zote, nami nimeacha kumwitikia salamu, ila yeye hajagundua, maana hata zamani nilikuwa siitikii.

Umefanya vizuri kuniandikia. Tangu nifunge gereji hakuna aliyeniuliza habari ya gari. Wanadhani masikio yakifa na akili inafuata.

Sasa nijibu. Ile taa nyekundu ya oili inawaka injini ikiwa ya moto? Na mlio wenyewe ni mwepesi, wa kijiko kwenye kikombe, au ni mzito? Tafuta bisibisi ndefu. Weka ncha kwenye chuma, chini kule oili inakokaa, mpini uubane sikioni. Injini itakusemesha yenyewe. Ndivyo nilivyofanya kazi miaka thelathini na moja. Angalia tu nywele zisikamatwe na mkanda.

Ni mimi,
Baba yako

23 Desemba

Baba,

Shikamoo. Wote huku hawajambo, nami nina nguvu.

Nimefanya ulivyosema. Nililala kwenye gunia, nywele nimezifunga, bisibisi sikioni, majirani wakanizunguka kama wanatazama sarakasi. Taa inawaka, ndiyo. Na si kijiko, Baba. Ni mzito. Ni kama mtu amefungiwa chini ya sakafu anagonga afunguliwe. Niliusikia mpaka kwenye meno.

Fundi Miwani amenipa njia inayotosha mfuko wangu. Tumwage oili iliyomo, tutie ile nzito kabisa pamoja na chupa moja ya dawa ya kuikoleza. Anasema mlio utapotea, na nikienda polepole nitamaliza muhula mzima huku najikusanyia hela za kununua injini iliyotumika. Madereva wote wanafanya hivyo, na hata wewe nakumbuka uliwafanyia wateja. Unasemaje?

Mwanao,
Kitindamimba

26 Desemba

Usiliwashe.

Usitie oili nzito. Usilisogeze hata kulitoa kivulini. Mwambie huyo mwalimu mkuu atafute mtu mwingine. Utapata kazi nyingine, hata ya kufagia.

Na usiniandikie tena mlio wake.

Baba

30 Desemba

Baba,

Shikamoo, ingawa safari hii hukuniitikia wala hukuniuliza hali.

Niliisoma barua yako nikaigeuza nyuma, nikidhani maneno mengine yako huko. Tangu nikiwa mdogo hujawahi kunikataza kitu bila kunieleza. Hata uliponikataza kugusa betri ulikaa chini ukanichorea waya kwa mkaa. Leo unaniambia nikafagie, basi, umemaliza.

Baba, mimi si mtoto. Kodi ya chumba ni yangu, njaa ni yangu. Oili nimeshainunua, iko hapa chini ya meza. Mzazi mmoja ameniletea mwanawe kabla hata shule haijafunguliwa, anizoee, ana miaka mitano, anapenda kukaa kiti cha mbele.

Kama kuna sababu, niambie. Mwite mwalimu jirani anipigie anisomee ukitaka. La sivyo Jumatatu ya kufungua shule nitaliwasha.

Mwanao,
Kitindamimba

3 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa barua ile. U hali gani?

Siwezi kumpa mwalimu jirani maneno haya ayatie kinywani mwake. Nimeandika karatasi tatu nikazichana. Hii nitampa kondakta wa basi kabla sijaisoma tena.

Unakumbuka kwenye msiba wa kaka yako niliwaambia watu kwamba injini ya ile pikapu haikutoa dalili yoyote. Niliwaambia shemeji zangu, nikamwambia askari aliyekuja kuandika, nikamwambia mama yako mara nyingi kuliko zote, kwa sababu alikuwa akiniuliza kila alipokumbuka. Aliniuliza hata wiki ile aliyotuacha. Nikamjibu hivyo hivyo, na akaondoka na jibu hilo.

Nilidanganya. Siku moja kabla ya safari kaka yako aliniletea pikapu akasema, "Baba, inagonga ikipata moto." Nikachukua bisibisi nikasikiliza. Nikasikia mlio kwa mbali sana, kidogo tu. Nikasema mlio huu bado mchanga, tia oili nzito, itafika na itarudi. Hela ya kufungua injini hatukuwa nayo, na wewe ulikuwa unasubiri kitanda chako huko chuoni.

Sasa sikiliza. Mlio haukuwa mdogo. Masikio yangu ndiyo yalikuwa yanakufa, na nilijua. Ilikuwa miezi, mama yako ananiita kwa chakula sisikii, mteja anaongea mimi namtazama midomo. Sikumwambia mtu. Fundi anayetegemea masikio akisema hasikii, nani atamletea gari? Kaka yako alisimama pale, akaniuliza kwa adabu, "Baba, huoni kama inagonga sana?" Nikamfokea. Nikamwambia anataka kunifundisha kazi. Akainamisha kichwa akaenda kununua oili.

Injini ilikaba ikazima kwenye mlima. Injini ikizimika hivyo breki inakuwa ngumu kama jiwe, na nyuma amepakia kitanda na godoro na meza yako. Gari lilirudi kinyumenyume. Mengine unayajua.

Daktari anasema masikio yangu yamekufa yote mawili, na zile kelele ninazosema nasikia ni kawaida ya viziwi. Wengine wanasikia nyuki, wengine maji. Mimi nasikia ko, ko, ko. Ukae nami mezani husikii kitu, lakini inagonga. Nikiweka kichwa kwenye mto inagonga. Nikinywa chai inagonga, na inaharakisha nikitembea. Barua yako ya kwanza nilijikaza, nikajiambia magari yote yananoki. Ya pili ulipoandika habari ya mtu chini ya sakafu nilitoka nje nikakaa na kuku wa watu.

Usiliwashe. Watoto wanane, Mama, binti yangu. Kuna kilima kabla ya shule, nimekipanda mwenyewe ulipohamia huko.

Kompresa nimeiuza, pamoja na jeki kubwa na seti ya spana. Hela iko ndani ya bahasha hii, katikati ya magazeti. Haitoshi injini, lakini ni mwanzo. Ukiniona sifai kuitwa baba, hela bado ni halali yako.

Baba yako

9 Januari

Mwanangu,

Hujambo? Shule imefunguliwa jana.

Nilikwenda stendi mwenyewe. Kondakta amenionyesha kwa vidole kwamba bahasha alikupa mkononi, Ijumaa, ukatia saini. Mwalimu jirani amekupigia mara sita, ananionyesha kioo cha simu, haipokelewi. Nimemrudishia salamu zake zote ili asichoke kupiga.

Niandikie neno moja tu. Kama ni tusi andika tusi.

Baba yako

14 Januari

Mama,

Sijapata kitu. Simu yako sasa haiiti kabisa, anasema mwalimu.

Nimemwomba anisomee magazeti yote kama kuna gari la watoto limepata ajali mahali. Amesoma mpaka matangazo ya viwanja. Amesema hakuna. Lakini anaweza kuwa ananificha, kama mimi nilivyowaficha wengine, na nikimtazama midomo siwezi kujua.

Leo imegonga tangu alfajiri haijapumzika. Nimekaa barazani, kila basi likisimama nahesabu wanaoshuka.

Kama u hai, umeamua kuninyamazia, nyamaza. Ila mtume hata kondakta anipungie mkono.

Baba

21 Januari

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Watoto ni wazima wote wanane. Gari halikutoka. Nimeyaandika haya mwanzo ili usome kwanza, kisha ukae.

Nisamehe kwa siku zote hizi. Simu niliizima. Sikuwa nimekasirika, au nilikuwa, lakini si kwa unachofikiri.

Barua yako ilinikuta nimeshamimina ile oili. Mlio ulikuwa umepungua kweli, na nilikuwa nimeanza kujisemesha kwamba labda. Nikaisoma nimekaa kwenye usukani. Nikatoa ufunguo nikaenda nao kwa Fundi Miwani, nikamwambia fungua chini. Alichomoa vipande vya beringi kwa vidole, vimekunjamana, vingine vimesagika. Akavua miwani akaifuta. Akasema, "Dada, hii isingemaliza hata wiki." Kazi ya shule ameichukua mtu mwingine. Kwa hela yako nimelipa sehemu ya injini iliyotumika, ya gari lililogongwa nyuma, mbele halina kasoro. Fundi ananikopesha iliyobaki mpaka muhula wa pili. Nimeisikiliza kwa bisibisi kabla ya kukubali.

Sasa na mimi nina la kwangu.

Uliandika kana kwamba nadhani injini haikutoa dalili. Baba, sijawahi kudhani hivyo, hata siku moja. Kaka alinipigia simu akiwa njiani.

Alikuwa amesimama kabla ya mlima, penye vibanda vya mkaa. Aliniambia, "Inagonga vibaya, sikiliza," akaiweka simu karibu na injini. Nikaisikia. Ilikuwa inapasua, Baba, mpaka niliiondoa simu sikioni. Akaniuliza afanye nini, ageuze au alale pale. Na mimi nilikuwa nimelala sakafuni siku ya nne, mgongo unaniuma, wenzangu wote wana vitanda. Nikamwuliza, "Baba amesemaje?" Akasema, "Baba amesikiliza, amesema itafika." Nikamwambia, "Basi si amesema? Njoo."

Nilimwambia njoo.

Gari langu lilipoanza kugonga niliujua mlio ule mara ya kwanza tu. Sikuwa na haja ya kukuuliza ni nini. Nilikuandikia kwa sababu nilitaka kuona utasema nini. Ungesema litafika, ningekutupia wewe mzigo wote na ningelala usingizi. Nimekuwa nikiutafuta usingizi huo tangu msibani, nilipokusikia ukisema haikutoa dalili, na mimi nimekaa na wanawake, simu yangu iko mapajani na ile namba ya mwisho bado imo. Nilidhani unanikinga mimi. Nilidhani umejua kuwa nilimwambia njoo, ukaamua kunisitiri.

Ndiyo maana sikuweza kujibu. Ulikuwa unaniomba msamaha, na mimi sikuwa na pa kusimama kuutoa.

Nakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi. Usiuze kitu kingine. Nitakaa mbele yako kwenye mwanga, nitaongea polepole, na utanitazama midomo mpaka nimalize.

Lakini kuna neno moja nakuandikia sasa hivi, kwa sababu nikilisema huenda nikashindwa. Kabla hajakata simu nilimwambia nitakupigia gereji nikuulize tena. Akanikataza. Akasema, "Usimwambie Baba kwamba nilisimama. Ataona simwamini." Kisha nikasikia mlango wa gari ukifungwa.

Mwanao,
Kitindamimba