Mahindi Hayageuki Ubavu

Nkasiogi, nusura tuue mtu hapa godauni Olasiti.

Si unavijua vile vipimo vya joto ambavyo bosi Hemant amevichomeka kwenye magunia, vinatuma namba kwenye simu yangu? Wiki nzima kipimo namba nne kinapanda kila mchana. Nikamwambia bosi mahindi yanachemka, wadudu hao, tupige dawa. Mimi ndiye niliyesema! Mimi!

Leo watu wa dawa wakaja. Turubai limeshafunika magunia yote, jamaa ameshika vile vidonge vya sumu mkononi. Nikachungulia simu. Namba nne imeshuka, namba tano imepanda.

Mahindi hayageuki ubavu, Nkasiogi.

Nikapiga kelele, "Fungueni! Fungueni!" Akatoka mzee Lerionka, mlinzi wetu wa usiku, amejifunika shuka lake. Kumbe kwa baridi hii ya Julai, mchana analalaga katikati ya magunia. Ananiuliza, "Mwanangu, mbona giza?"

Sasa nimekaa naangalia namba tano inavyoshuka. Thelathini na moja. Ishirini na nane. Ishirini na nne.

Hata tungepiga dawa, ingeshuka hivihivi. Na mimi ningemwandikia bosi kwamba dawa imefanya kazi.