Maneno Kumi na Saba ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi huku hatujambo, na safari hii nasema hivyo bila kujikaza. Baba anaongea!

Unajua tangu apate kiharusi alikuwa akitoa sauti ambazo ni mimi tu niliyezielewa. Sasa kila Jumatano yule dada wa hospitali anayefundisha watu kusema upya humpa maneno ishirini ayatamke. Mlinzi wa getini, asiyemjua Baba kwa lolote, hukaa amempa mgongo na kuandika anachosikia. Mwezi wa kwanza alipata manne, akaomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Juzi amepata kumi na saba. Baba akampongeza kwamba masikio yake yamepona, tukacheka hadi muuguzi akaja kuchungulia.

Kwenye kadi yule dada aliandika neno la Kiingereza, intelligible. Unanijua kwa udadisi, nikamuuliza. Akasema ni usemi unaoeleweka, na kwamba asili yake ni Kilatini, vipande viwili: "kati ya" na "kuchagua". Yaani anayeelewa huchagua, kama mtu anayechambua mchele. Baba akanitazama. Nikainamia mkoba wangu kutafuta leso nisiyoihitaji.

Kaka, kuna jambo nimekuficha. Mara tatu ulipiga simu ukiuliza Baba anataka nini, nami nikakujibu kwamba anasema usijisumbue, kazi kwanza. Hakusema hivyo hata siku moja. Alisema uje umchukue, akakae na wajukuu zake. Nilimsikia vizuri sana. Lakini miaka yote nilikuwa narudi kwenye nyumba tupu, na Baba alipohamia kwangu baada ya Mama kututoka nikapata mtu wa kumwekea chai. Niliogopa kubaki peke yangu. Naye alikuwa hapo hapo kitandani, akinisikia nikidanganya, hawezi kunikatiza.

Jana nilimwomba msamaha. Akanijibu polepole, neno baada ya neno, kwamba amenisamehe, na kwamba bado anataka kuja kwako. Yote mawili nimeyaelewa.

Basi njoo Jumamosi. Ukipiga simu kabla ya hapo, nitampa Baba aongee mwenyewe, na mimi nitatoka chumbani.

Wifi mpe salamu zangu nyingi, na watoto uwakumbatie kwa niaba ya shangazi yao.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku