Karibu Kiti, Mvua

Mjukuu wangu Njeri,

Natumaini baridi ya huko imeanza kukuzoea. Sisi hapa Kileleshwa tu wazima, ingawa goti langu linalalamika nikipanda ngazi. Mama yako bado anafundisha chuoni, na siku hizi harudi na viatu vilivyolowa.

Umeuliza kwa nini nilicheka peke yangu mama yako aliponionyesha maegesho mapya ya chuo. Wametandika matofali ya kabro yenye mianya, na kokoto chini yake, ili maji ya mvua yazame badala ya kukimbilia barabarani. Watu wanadhani fundi alisahau simiti. Mimi nilimkumbuka mama yangu.

Nilipokuwa msichana, kila nyumba ilifagia uwanja mpaka udongo ukawa mgumu na kung'aa. Mama aliacha nyasi mbele ya jiko, na majirani wakamwita mvivu. Niliona aibu, nikachukua jembe nizing'oe.

"Wacha, mwanangu," akasema. "Mvua nayo ni mgeni. Ikifika, itakaa wapi?"

Jioni hiyo ilinyesha. Maji yaliteleza juu ya viwanja vile vizuri yakaingia majikoni mwa watu. Kwetu yalifika kwenye nyasi, yakatulia.

Jana ilinyesha sana. Nilisimama na mwavuli pale maegeshoni nikitazama maji yakizama kati ya kabro, na bila kufikiri nikasema, "Karibu kiti." Bawabu akadhani namwambia yeye, akashukuru.

Chako pia kipo, Njeri. Hakuna anayekikalia.

Cucu wako